Mwongozo Kamili kwa Wanandoa: Kutembelea Makasri na Ngome za Milima ya Sintra, Ureno

Kilomita zipatazo 30 kaskazini-magharibi mwa Lisbon, karibu kabisa na mahali ambapo nchi kavu ya Ulaya inaishia na Bahari ya Atlantiki inaanza, kuna safu fupi ya milima ya mawe ya itale iliyofunikwa na msitu mzito. Juu ya vilele vyake na kwenye miteremko yake, wafalme, watawa na matajiri wa zama mbalimbali walijenga ngome, makasri na bustani ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995. Mahali hapo panaitwa Sintra, na kwa wanandoa wanaotaka likizo ya Ulaya yenye makasri ya juu ya milima bila kuzunguka nchi tano, sijui mahali panapopashinda.

Mimi na mke wangu tumefika Sintra mara mbili. Mara ya kwanza tulifanya kama wageni wengi wanavyofanya: tulitoka Lisbon asubuhi, tukajaribu kuona makasri manne kwa siku moja, na jioni tulipopanda treni ya kurudi tulikuwa tumechoka, tuna njaa, na kila mmoja amemnunia mwenzake. Mara ya pili tulilala Sintra kwa siku tatu, tukaona mambo mengi zaidi kwa haraka ndogo zaidi. Mwongozo huu umetokana na tofauti ya safari hizo mbili, na kiini chake ni hiki: laleni Sintra kwenyewe, anzeni na kilele asubuhi mapema, kisha mtembee mkishuka.

Hatua ya kwanza: kuchagua msimu

Miezi ya Aprili na Mei, na tena kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba, ndiyo inayofaa zaidi. Julai na Agosti watu hujaa hadi njia nyembamba za ngome hazipitiki vizuri, na katika siku za joto kali na hatari ya moto wa msituni mamlaka hufunga mlima wote, hata kama mmeshalipa tiketi. Majira ya baridi yana utulivu na bei nafuu za malazi, na kuanzia Januari hadi Machi maua ya kamelia huchanua katika bustani za Pena, kasri lililo kileleni, lakini mvua ni nyingi na siku ni fupi.

Jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii ni ukungu. Upepo wenye unyevu kutoka Atlantiki hugonga milima hii, hupanda na kupoa, kisha hugeuka wingu linalokaa juu ya vilele huku Lisbon ikiwa na jua kali. Kwa hiyo msiamini hali ya hewa mnayoiona dirishani mwa hoteli yenu mjini. Chukueni sweta na koti jepesi la mvua hata mwezi wa Juni. Hii pia ni sababu nyingine ya kulala Sintra, kwa kuwa mwenye siku tatu anaweza kusubiri wingu liondoke, ilhali mwenye saa sita hana budi kupiga picha za weupe mtupu.

Hatua ya pili: viza na bima

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Kila mmoja wenu hujaza fomu yake mwenyewe, hata kama safari ni moja na anayelipia ni mmoja, na ada ya mtu mzima ni euro 90. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasiwasilishwe chini ya siku 15 kabla yake. Mimi nashauri miezi mitatu, kwa sababu miadi huadimika msimu wa likizo unapokaribia. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na cheti cha ndoa kiambatishwe, hasa ikiwa mke hajabadilisha jina lake. Kama mtapita nchi nyingine pia, ombeni viza kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi.

Hatua ya tatu: kupanga siku na malazi

Siku tatu na usiku wake zinatosha. Siku ya kuwasili iwe ya Kasri la Taifa lililo mjini, siku ya pili iwe ya kilele chenye Kasri la Pena na Ngome ya Wamoro, na siku ya tatu iwe ya Quinta da Regaleira, nyumba na bustani ya tajiri mmoja, na Kasri la Monserrate. Msiongeze kingine katika ratiba hii kabla hamjafika na kuona miguu yenu inasemaje.

Tafuteni chumba kwenye mji mkongwe au kati ya mji huo na stesheni ya treni, umbali wa kilomita moja hivi. Nyumba nyingi za wageni ni majengo ya zamani yasiyo na lifti, basi ulizeni mapema chumba kipo ghorofa ya ngapi. Baada ya saa kumi na mbili jioni mabasi ya wageni wa siku moja huwa yameondoka, mji hunyamaza, na ninyi mliobaki mnaweza kutembea katika vichochoro vyake mkisikia maji ya chemchemi tu. Hicho ndicho kipindi kitamu kuliko vyote kwa watu wawili.

Hatua ya nne: tiketi, na namna ya kusoma saa zake

Makasri mengi ya Sintra yanasimamiwa na kampuni ya umma iitwayo Parques de Sintra, iliyoanzishwa mwaka 2000. Tiketi za Pena, Ngome ya Wamoro, Kasri la Taifa na Monserrate zinapatikana katika tovuti yake rasmi. Quinta da Regaleira haimo, na tiketi yake hununuliwa peke yake katika tovuti yake. Kuna wauzaji wengi mtandaoni wanaofanana na tovuti rasmi lakini huongeza bei, kwa hiyo hakikisheni anwani kabla ya kutoa namba ya kadi.

Tiketi ya Pena ndiyo yenye masharti makali. Kuna tiketi ya bustani peke yake, ambayo haiwaruhusu kuingia ndani ya kasri, na kuna tiketi ya kasri na bustani, ambayo imeandikwa saa kamili ya kuingia mlango wa kasri. Chagueni saa ya kwanza kabisa ya siku. Tiketi itaandikwa 9:30, na kwa sisi tuliozoea saa za Kiswahili hiyo ni saa tatu na nusu asubuhi. Iandikeni hivyo kwenye karatasi mapema, msisubiri kukokotoa mkiwa safarini na usingizi machoni. Kumbukeni pia kwamba Ureno iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi.

La muhimu zaidi ni hili: saa iliyoandikwa ni ya mlango wa kasri, wala si ya lango la bustani. Kutoka langoni hadi mlangoni ni mwendo wa nusu saa wa kupanda mlima. Mara yetu ya kwanza tulifika langoni dakika tano kabla ya muda, tukiamini tumewahi, na tulipofika juu tukihema zamu yetu ilikuwa imekwishapita. Fikeni langoni angalau dakika 40 kabla. Kuna basi dogo la kulipia linalopandisha watu kutoka langoni, ambalo linawafaa wajawazito, wenye magoti mabovu na wazee.

Hatua ya tano: kutoka Lisbon

Treni huondoka stesheni ya Rossio, katikati ya Lisbon, mara kadhaa kila saa na kufika Sintra kwa muda wa dakika 40 hivi. Sintra ni kituo cha mwisho, kwa hiyo hakuna hofu ya kupitilizwa. Kila mtu anahitaji kadi yake ya usafiri, kwa sababu kadi moja haiwezi kupitisha watu wawili kwa safari moja. Kabla ya kuingia, simameni dakika chache mlitazame jengo la Rossio lenyewe, ambalo milango yake miwili mikubwa imechongwa kwa umbo la kwato za farasi.

Msikodi gari kwa ajili ya Sintra. Barabara ya kupanda Pena imefungwa kwa magari binafsi ya wageni, maegesho ya mjini ni machache, na njia ni za magari kupishana kwa shida. Basi namba 434 huzunguka kutoka stesheni hadi mji mkongwe, Ngome ya Wamoro na Pena, kisha hurudi chini. Basi namba 435 huenda Regaleira na Monserrate.

Siku ya kwanza alasiri: Kasri la Taifa

Mtalitambua kwa mbali kutokana na mabomba yake mawili meupe ya moshi yenye umbo la pia iliyopinduliwa, kila moja likiwa na urefu wa mita 33. Chini yake kuna jiko la kifalme, na ukisimama katikati ya jiko hilo na kuinua macho unaona ukuta ukijibana taratibu hadi kwenye tundu la mwanga lililo mbali sana juu. Jiko lilijengwa kwa ajili ya kuchoma nyama za mawindo kwa mamia ya wageni, na kwa kweli ndicho chumba kinachoeleza vizuri zaidi ukubwa wa maisha ya hapa.

Kasri hili lilianza kama makazi ya watawala Waislamu, na wafalme wa Ureno wakaendelea kulitumia na kulipanua kwa karne nyingi. Vigae vya rangi vilivyobandikwa kutani ni miongoni mwa mkusanyo bora wa kale wa aina yake ulioko Ureno, na jina lao la Kireno, azulejo, limetoka katika Kiarabu. Anayetoka Lamu au Unguja, aliyezoea nakshi za milango na plasta zenye maumbo yanayojirudia bila picha ya kiumbe, atajihisi yuko karibu na kwao katika Chumba cha Waarabu, chenye chemchemi ndogo katikati ya sakafu.

Katika chumba kingine dari imechorwa ndege 136 wa jamii ya kunguru, kila mmoja ameshika kwa mdomo utepe wenye maneno ya Kireno, por bem, yaani kwa nia njema. Inasimuliwa kwamba Mfalme João I alifumaniwa na mkewe, Malkia Philippa, akimbusu mmoja wa wanawake wa kasri, akajitetea kwa maneno hayo. Umbea ulipoenea, akaamuru dari ichorwe ndege wengi sawa na idadi ya wanawake wa kasri, maana ndege hao wanajulikana kwa kelele. Ni hadithi tu, lakini itawapa mazungumzo wakati wa chakula cha jioni.

Msitoke kabla ya kufika chumba cha Mfalme Afonso VI. Ndugu yake Pedro alimpokonya madaraka, akampeleka kwanza visiwa vya Azores, kisha akamfungia hapa Sintra hadi alipofariki mwaka 1683. Inamieni mtazame sakafu ya vigae. Imelika. Watu husema ni nyayo za mfalme aliyekwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kwa miaka tisa hivi katika chumba hicho kimoja. Mke wangu alisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote Sintra, na sikumharakisha.

Siku ya pili asubuhi: Kasri la Pena

Amkeni saa kumi na mbili. Basi za mwanzo hujaa haraka, na teksi kwa watu wawili si ghali mno ikilinganishwa na kupoteza zamu ya tiketi. Wenye nguvu wanaweza kupanda kwa miguu kwa saa moja hivi kupitia njia ya Vila Sassetti, lakini mimi nashauri njia hiyo mwihifadhi kwa kushuka.

Pena ilianza kama nyumba ndogo ya watawa iliyojengwa kwa amri ya Mfalme Manuel I mwanzoni mwa karne ya 16. Tetemeko kubwa la mwaka 1755 liliiharibu, ikabaki magofu. Mwaka 1838 Ferdinand, mwanamfalme wa Kijerumani aliyekuwa mume wa Malkia Maria II, aliyanunua magofu hayo pamoja na ardhi iliyoyazunguka, akamkabidhi ujenzi mhandisi wa migodi kutoka kwao, Baron von Eschwege. Hawakuibomoa nyumba ya watawa. Waliikarabati na kuipaka rangi nyekundu, kisha wakajenga kando yake kasri jipya la rangi ya njano, lenye kuba, minara na matao yaliyokopwa kutoka Uislamu wa Andalusia (kusini mwa Uhispania), Ujerumani na Ureno ya kale. Kwa hiyo mkisimama uani, wekundu unawaonyesha kilichokuwapo na unjano unawaonyesha kilichoongezwa. Kwa miaka mingi rangi hizo zilifubaa kabisa, na zilirudishwa katika miaka ya 1990.

Ingieni ndani kwanza, kwa sababu msongamano wa ndani ndio unaokua haraka, na mandhari ya nje itawasubiri. Vyumba ni vidogo kuliko mtu anavyotarajia kwa wafalme, kwa kuwa vingi vilikuwa vyumba vya watawa. Katika kanisa dogo lililobaki kuna madhabahu ya alabasta iliyochongwa na Nicolau Chanterene katika karne ya 16. Sogeeni karibu, kwani jiwe hilo hupitisha mwanga kidogo na nyuso za watu wadogo waliochongwa humo zinaonekana kama zina nyama. Chumba cha Kiarabu kina kuta zilizochorwa kwa ustadi hata jicho linadhani ni nguzo na matao halisi. Jikoni kuna safu za sufuria za shaba.

Nje, tafuteni lango lililo chini ya dirisha lenye sanamu ya Triton, nusu mtu na nusu samaki. Ameketi juu ya kombe kubwa la baharini, misuli ya mikono imemkaza, uso wake umekunjamana kwa juhudi, na kutoka kichwani mwake shina la mti linaota na kupanda hadi kulishika dirisha lote. Chini ni matumbawe na makombe, juu ni majani na mizabibu. Wapita njia wengi hupiga picha na kuondoka kwa sekunde kumi. Ninyi kaeni dakika kumi, mmoja ataje anachokiona na mwingine aongeze; ni jiwe lenye mambo mengi sana.

Kisha nendeni bustanini, ambako kwa wanandoa ndiko kwenye kisa chenyewe. Maria II alifariki mwaka 1853. Ferdinand alimpenda baadaye mwimbaji wa opera, Elise Hensler, mzaliwa wa Uswisi aliyekulia Marekani, wakaoana mwaka 1869, naye akapewa cheo cha Countess wa Edla. Upande wa magharibi wa bustani, mbali na kasri na macho ya watu wa kasri, walijijengea nyumba ndogo ya ghorofa. Kuta zake za plasta zimepakwa rangi zifanane na mbao, na milango na madirisha yamezungushiwa gome lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Nyumba iliungua mwaka 1999, ikajengwa upya kwa uangalifu. Njia ya kufika huko hupita kwenye bonde la kangaga zenye mashina marefu kama minazi michanga, na wageni wengi hawafiki kwa sababu ni mwendo wa nusu saa na ushei kutoka kasrini. Fikeni. Ferdinand alipofariki mwaka 1885 alimwachia Elise kasri lote la Pena, jambo lililozua manung'uniko makubwa nchini hadi Serikali ikalinunua kutoka kwake mwaka 1889.

Siku ya pili mchana: Ngome ya Wamoro

Kutoka lango la Pena, ngome iko umbali wa dakika kumi au kumi na tano tu kwa miguu, na njia ni ya kushuka. Mouros, yaani Wamoro, ni jina ambalo Wareno waliwaita Waislamu waliovuka kutoka Afrika Kaskazini, na hao ndio waliojenga ngome hii kati ya karne ya 8 na ya 10, ili waweze kuona bahari na nyanda zote hadi Lisbon. Mwaka 1147, Lisbon ilipoangukia mikononi mwa Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, walinzi wa Sintra walijisalimisha. Ngome ikaachwa hatua kwa hatua, msitu ukaimeza, hadi Ferdinand alipoikarabati katika karne ya 19.

Anayeijua Fort Jesus ya Mombasa ataona hapa jambo la kufikirisha. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ina kuta nene, za mteremko, na pembe zilizochomoza, kwa sababu ilijengwa zama za mizinga. Ngome ya Sintra ni ya kabla ya baruti, na ulinzi wake ni kimo na mawe ya mlima wenyewe: ukuta mwembamba umefuata mgongo wa mwamba, ukipanda na kushuka kama mwamba unavyotaka, na mahali pengine mwamba mkubwa wa itale umeachwa uwe ndio ukuta. Kabla ya kupanda, angalieni mashimo ya kuhifadhia nafaka yaliyochongwa ardhini na birika kubwa la maji ya mvua, maana ngome isiyo na chakula na maji haizingirwi siku nyingi.

Kutembea juu ya ukuta kunahitaji uangalifu. Ngazi ni za mawe, zina unyevu, na upande wa ndani sehemu nyingi hauna kizuizi. Vaeni viatu vya raba zenye meno, mwenye gauni refu au kanga alikunje au avae suruali chini, na upepo ukiwa mkali mmoja wenu asione haya kubaki chini. Panda upande wa Mnara wa Kifalme kama mna nguvu za sehemu moja tu, kwani kutoka hapo Pena yote huonekana kilimani upande wa pili, na ndipo picha yake nzuri zaidi hupigwa.

Shukeni kwa miguu hadi mjini kupitia njia ya Vila Sassetti, kwa muda wa dakika 45 hivi, chini ya miti na kati ya mawe makubwa yenye kuvu. Magoti yatalalamika kidogo, lakini mtakuwa peke yenu karibu njia nzima.

Chakula

Mkifika chini mtakuwa na njaa. Vitafunwa vya Sintra ni viwili: travesseiro, keki ya umbo la mto yenye krimu ya mayai na lozi, na queijada, kikeki kidogo cha jibini laini na mdalasini. Mkahawa wa Piriquita umekuwa ukioka tangu mwaka 1862. Katika mikahawa, mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa mezani kabla hamjaagiza hulipiwa mkivila. Mkiwa hamvitaki, semeni kwa upole virudishwe. Kwa Waislamu, maneno ya kuyajua ni porco, presunto, chouriço, toucinho na banha, yote yakihusu nguruwe au mafuta yake. Dagaa wa kuchoma, chewa mkavu na wali wa vyakula vya baharini hupatikana kila mahali, ila ulizeni kama umetiwa vinho. Neno hilo mtalielewa bila mkalimani, kama mtakavyoelewa mesa na bandeira, kwa kuwa mvinyo, meza na bendera zimekuwa kwetu tangu Wareno walipofika pwani.

Siku ya tatu: Regaleira na Monserrate

Quinta da Regaleira iko dakika 10 hadi 15 kwa miguu kutoka mji mkongwe. Ilijengwa kati ya mwaka 1904 na 1910 na António Augusto Carvalho Monteiro, tajiri mzaliwa wa Brazil, kwa michoro ya Mwitaliano Luigi Manini, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa kubuni mandhari ya majukwaa ya opera. Nendeni moja kwa moja kwenye kile kiitwacho Kisima cha Kuingizwa Chamani, mnara uliopinduliwa kuelekea chini ya ardhi kwa mita 27, wenye ngazi zinazozunguka hadi sakafuni. Hakikuwa kisima cha kuteka maji. Chini kuna mahandaki ya giza yanayotokea kwenye maporomoko na bwawa, kwa hiyo simu zenu ziwe na chaji ya kuwasha taa. Foleni ya kisima ikizidi saa moja, rudini saa moja kabla ya kufungwa. Nyumba yenyewe inatazamika kwa dakika ishirini.

Alasiri pandeni basi la 435 hadi Monserrate, na hapa naomba msinidharau: watu wengi huiacha, nami naiona kuwa kasri zuri kuliko yote kwa watu waliochoka. Liko mbali kidogo, halina msongamano, na lilijengwa katikati ya karne ya 19 na Francis Cook, mfanyabiashara Mwingereza wa vitambaa. Ukumbi wake mrefu umepangwa nguzo nyembamba za waridi na matao yenye nakshi za mtindo wa Kihindi na Kiislamu, moja nyuma ya lingine, hadi jicho linapotea. Mbele kuna uwanja wa majani unaoteremka. Wekeni mtandio mkae. Hakuna anayewafukuza hadi saa ya kufunga.

Kabla ya ndege: nusu siku Lisbon

Acheni nusu siku ya mwisho kwa Museu Nacional de Arte Antiga, yaani Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, inayofungwa Jumatatu. Ulizieni chombo cha kanisa cha kuonyeshea Ekaristi kiitwacho Custódia de Belém, kazi ya dhahabu ya mwaka 1506 inayohusishwa na sonara Gil Vicente, ambayo Mfalme Manuel I, yule yule aliyeamuru nyumba ya watawa ya Pena na kupanua Kasri la Taifa, aliiagiza. Mitume wadogo wa dhahabu wenye rangi wamepiga magoti kuizunguka. Vasco da Gama aliitoza Kilwa kodi kwa vitisho mwaka 1502, akarejea Lisbon na dhahabu hiyo mwaka uliofuata, na ndiyo iliyotengeneza chombo hiki. Inamieni kwenye kitako chake. Maandishi yanayokizunguka yanataja dhahabu na kodi ya Kilwa, na jina la mji limeandikwa pale wazi, QILVA, mtu wa pwani yetu alisome mwenyewe.